Nestori, Nani Amcheke Askari wa Hitla?

Nestori, rafiki yangu,

Nimekasirika, na wa kumkasirikia ni wewe, maana umekufa katikati ya ubishi. Malaria ilikupanda kichwani, tukakuzika Kitanga, na mimi na wewe bado hatujakubaliana kama ule mkanda uonyeshwe au ufungiwe.

Mkanda wenyewe ulitufikia umechanganyika na mikanda ya filamu za magumi. Vichekesho vya televisheni ya Ulaya, vya ajabu, vyenye giza ndani yake. Askari wa Hitla anatoka kwenye kabati la vyombo, anaipigia saluti birika, anamkamata mbuzi kwa kukosa kitambulisho. Hatukuelewa neno hata moja. Ukashika kipaza sauti, ukamfanya aseme kama wale askari wa vizuizini kwenu Burundi, na banda letu zima la video likacheka mpaka machozi.

Ndipo siku ile ya soko, Mama Esperansi, yule aliyekimbia Burundi na sasa anauza dagaa hapa Kasulu, akasimama pale askari wa kwenye picha alipogonga mlango wa watu.

"Aliyetunga haya hakuwahi kugongewa," akasema.

Ukamjibu mbele ya wote: "Mimi niligongewa, mama. Wakamchukua baba."

Akatoka bila kugeuka. Watu walipotawanyika nikakwambia wauaji hawana nafasi kwenye vichekesho, ukiwacheka umewasamehe. Ukasema, "Nimemwogopa huyo mtu tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Akibaki wa kutisha tu, ameshinda. Niache nimcheke." Tukabishana wiki nzima, na kabla hatujamaliza ukashikwa na homa. Hiyo si haki, Nestori.

Sasa sikia. Baada yako alifasiri Joeli, kijana wa jirani. Ana sauti nzuri, ndiyo taabu yenyewe. Amempa yule askari sauti ya bosi. Watu hawamcheki tena, wanamshangilia. Watoto wakitoka bandani wanarusha miguu juu kama askari yule. Juzi wawili wakamzuia Mama Esperansi njiani, beseni lake la dagaa kichwani, wakamwambia, "Kitambulisho." Wenzao wakacheka. Yeye akasimama pale pale, akaanza kupapasa kanga yake akikitafuta.

Niliambiwa, nikazima jenereta picha ikiendelea. Vijana wakanizomea. Nikautoa mkanda nikiwa na nia ya kuuchoma, nikaenda kwa Mama Esperansi kumwomba radhi. Alikuwa anachambua dagaa.

"Mama, ulikuwa na haki tangu mwanzo," nikamwambia.

Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Siku ile sikutoka kwa uchungu, mwanangu. Nilitoka kwa sababu na mimi nilicheka. Nilicheka, halafu nikawakumbuka wanangu niliowaacha kule, nikaona aibu." Akatupa kijiwe alichokitoa kwenye dagaa. "Marehemu alimfanya mjinga. Huyu wenu amemfanya mkubwa. Hao si mtu mmoja."

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira kuliko nilivyokwenda. Tumebishana wiki nzima, mimi na wewe, na mwenye jibu alikuwa anatuuzia dagaa. Na wewe ungefurahi, na hupo. Usijisifu lakini. Ulishinda nusu tu. Kichekesho kile kilikuwa salama mdomoni mwako kwa sababu ulijua unamcheka nani. Sasa umeondoka na mdomo wako, na ule mkanda hauna akili ya kujilinda.

Sitauchoma. Joeli nimemrudisha kwenye mikanda ya magumi. Jumamosi mchana nitafasiri mwenyewe, kwa Kiha changu na Kirundi nilichookota kwako, na Mama Esperansi amesema atakuja kunisikiliza. Akiniambia nizime, nitazima. Lakini nakuahidi, yule askari hatapata kwangu hata sentensi moja ya heshima.

Lala salama, ndugu yangu. Ubishi wetu nimeubeba mimi, na ni mzito.

Wako,
Filipo