Mtani Hakasiriki

Mpendwa mtani,

Nakuandikia huko Tabora ulikorudi karantini ilipokwisha. Mie mkimya, unanijua. Kwa mdomo hili lisingetoka.

Nakukumbuka siku tuliyomzika bibi yangu kule Keko. Wazaramo wote tunalia, wewe Mnyamwezi ukang'ang'ania jeneza, ukasema kikongwe huyu hatoki mpaka upewe jogoo. Mama akacheka huku machozi yanamtiririka. Tangu siku hiyo akawa anakuita mwanangu, nami nikajua mtani ndiye mtu wa kukaa naye penye msiba.

Kisha ndui ikaingia shuleni, lango likafungwa. Mama alikuja toka Temeke na kisamvu, askari akamrudisha; niliona kanga yake tu, kwa mbali. Basi usingizi ukanikimbia. Nasoma, hayaingii. Nimekaa tu, moyo unakwenda mbio. Kiingereza chetu cha darasani hakikuwa na pa kuliweka jambo kama hilo, nikakwambia wewe kwa Kiswahili, nyuma ya bweni, kwamba naogopa akili inaniondoka, na kwamba huwa najificha chooni nikalia. Ulinishika bega. Ulisema, "Limeishia kwangu."

Kesho yake, wakati wa chakula, ukasimama na bakuli lako.

"Jamani, ndui ya Wazaramo haitoki ngozini. Huyu wa kwetu imempanda kichwani, yuko chooni anamlilia mama."

Wote wakacheka, hata mwalimu wa zamu. Wakaniangalia, nami nikacheka, maana mtani hakasiriki, ndivyo tulivyolelewa. Angesema mwingine ningemshitaki. Wewe ulijua sina pa kukushitaki.

Tangu hapo sikumwambia mtu kitu. Wakinikuta nimenyamaza, wananiuliza kama ndui imepanda. Sasa niko nyumbani. Mama anauliza mbona sili, namwambia nimeshiba. Anakuulizia na wewe: mwanangu yule mbona haji? Nainama, nafunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka.

Nimelifikiri sana, mtani. Kwa bibi ulistahili jogoo wako, yeye alikwisha kufa. Mie nilikuwa hai, na nilikuwa nakuomba.

Mtani hakasiriki. Mie nimekasirika. Basi utani wetu umekwisha, na siku nikifa, jogoo wangu apewe mwingine.

Msalimie mama yako. Yeye hajanikosea.

Ni mie,
niliyekuwa mtani wako