Makayabo ya Ijumaa

Ixelles, Brussels
Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Yustina,

Shikamoo. Barua hii ikukute umekaa, maana ukiisoma umesimama jikoni utaunguza ugali na Shemeji atanilaumu mimi. Habari za hapo Gungu? Goti la Mama linasemaje tangu mvua zianze? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia anaipaka, au ameshaigawa kwa majirani kama kawaida yake? Sisi huku wazima, mafua ya hapa na pale. Baridi imeingia na jioni inafika mapema, lakini tumeshazoea.

Najua utashangaa kupokea karatasi siku hizi za simu. Lakini simu yako inasomwa na nyumba nzima, na ukifungua sauti yangu hata jirani anatega sikio. Haya ni maneno yako peke yako. Anakuletea mama mmoja Mrundi tunayesali naye, anapitia Bujumbura halafu anakuja Kigoma kuona ndugu zake. Mpe chai na usimhoji, hajui kilichomo.

Mara ya mwisho uliniuliza swali nikajifanya mtandao umekatika. Uliniuliza: Desemba unakuja na Baba Naomi, au unakuja peke yako kama ulivyosema? Nilikuwa nimekwambia wewe tu kwamba nimechoka, na kwamba safari hii nikifika nyumbani sirudi kwake. Ukanijibu, "Sabina, mume si gauni, kwamba likikubana unampa mdogo wako." Nilikasirika siku mbili. Leo nakujibu, lakini itabidi kwanza nikupeleke melini.

Picha mmeziona. Naomi aliziweka kwenye kundi la familia hata kabla hatujarudi, na nimesikia Shangazi Vero anasema tumetajirika. Mwambie bado. Ni watoto, Naomi na mdogo wake Elie, waliochangishana wakatununulia safari ya meli kwenye visiwa vya Karibi, kwa sababu ndoa yetu imetimiza miaka ishirini na mitano na hatujawahi kwenda likizo popote sisi wawili. Wao hawajui lolote. Sikuwa na moyo wa kukataa. Nikasema kimoyomoyo, sawa, nitamwambia huko huko, mbali na watoto.

Wewe unajua tunavyoishi, lakini sidhani kama unajua vizuri. Watoto walipokuwa wadogo hatukuwa na bibi wala shangazi wa kutushikia. Kwa hiyo Baba Naomi akachukua kazi ya ulinzi wa usiku kwenye jengo la ofisi karibu na Schuman, na mimi nikachukua ya mchana katika nyumba ya wazee. Asubuhi tulikutana mlangoni, mmoja anavua koti, mwingine anavaa. Watoto wamekula? Wamekula. Basi. Mimi nilimwachia chakula mezani kimefunikwa, yeye akaniachia sahani imeoshwa. Jumamosi na Jumapili alishika zamu za wenzake, na siku ya mapumziko alilala. Watoto wakakua, wakahama, zamu zikabaki palepale. Wanasema nyumba usiyolala ndani huijui hila yake. Sisi wote wawili tumelala ndani, ila kwa kupokezana.

Tangu tuanze zamu hizo, kila Ijumaa nilimpikia makayabo, yule samaki mkubwa wa chumvi ambaye Wakongo wanampenda. Mama mkwe alinifundisha Lubumbashi, wiki ileile ya arusi. Aliniambia, "Huyu mutoto wangu, bila makayabo vendredi, si muntu." Nikashika neno hilo. Nilimnunua Matonge, mtaa wa Waafrika hapa Brussels, nikamlowesha tangu Alhamisi, nikabadilisha maji mara kwa mara, nyumba nzima ikanuka. Mimi mwenyewe siwezi kumtia mdomoni, unanijua mimi na migebuka yangu ya ziwani. Mwaka huu nilimpika kwa hasira, lakini nilimpika.

Haya, safari. Tulikwenda kwa ndege hadi Martinique, na bandarini tukaikuta meli inatungoja. Usifikirie meli yetu ya ziwani, watu wamelala juu ya magunia ya dagaa. Hii ina lifti, ina duka la dhahabu, na juu kabisa ina bwawa la kuogelea, sijui la nini, na bahari yote ile ipo chini. Asubuhi ya kwanza nilitandika kitanda chetu mwenyewe. Dada wa usafi akaja, akakitandua, akakitandika upya bila kusema neno.

Kabla ya kung'oa nanga walitukusanya watuonyeshe namna ya kuvaa majaketi ya kuelea. Watu wakawa wanacheka na kupiga picha, hakuna anayesikiliza. Baba Naomi akashindwa kuvumilia. "Pardon, madame, huku. Monsieur, avancez." Kabla sijamshika mkono alikuwa ameshawapanga mstari, na baharia mmoja akamshukuru akidhani ni mfanyakazi mwenzake. Nilicheka mpaka machozi. Halafu nikashtuka, kwa sababu sikukumbuka mara ya mwisho huyu mtu alinichekesha lini.

Lakini mwili wake haukujua kwamba tuko likizo. Usiku alikuwa macho, mchana alilala fofofo. Visiwa viwili vya kwanza nilivitembelea peke yangu, na kofia aliyoninunulia Naomi, nikijipiga picha mwenyewe. Hizo ndizo picha mlizoziona. Ukiangalia vizuri, yeye hayumo ila kwenye zile za mezani.

Mezani walituweka na wazee wawili Wabelgiji kutoka Namur, mtu na mkewe. Mzee alifundisha shule Katanga zamani, na kila akimwona Baba Naomi anamwambia "Jambo, habari?" kwa sauti ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Watu wema. Kilichonishangaza ni walivyoongea wao kwa wao. Supu ina chumvi. La, haina. Ya jana ilikuwa nzito zaidi. Unakumbuka ile ya dada yako? Wanaanza na supu wanamaliza na kahawa, hawajapumua. Sisi tunatabasamu, tunasema chakula kizuri. Nilimtazama mume wangu nikaona kwamba ukiwatoa Naomi na Elie, sina la kumwambia. Ila lile moja. Nikaamua nitalisema kesho yake.

Kesho yake meli ikafika Saint Lucia. Nikamwamsha, nikamwambia leo unashuka na mimi, utalala ukifa. Akashuka na macho mekundu. Tukaenda kwa miguu hadi sokoni Castries. Dada, ungejisikia nyumbani. Mihogo, magimbi, bamia, mashelisheli, na akina mama wauzaji wanaokufokea ukigusa kitu bila kununua. Wanaongea Kiingereza, na wao kwa wao wana lugha yao yenye Kifaransa ndani, Baba Naomi akawa anadaka nusunusu. Kwenye kibanda kimoja cha chakula, mama mwenye kitambaa cha njano alitukalisha bila kutuuliza tunataka nini. Akatuletea ndizi mbichi za kuchemsha, na pembeni samaki wa chumvi aliyekaangwa na vitunguu na pilipili. Makayabo yuleyule.

"Hata huku amekufuata," nikamwambia. Nikachukua samaki wangu wote nikamwekea yeye. Akasema merci, akaanza kula.

Sasa sikiliza. Miaka yote ile nilikuwa sijawahi kumwona anakula makayabo. Napika, nafunika, naondoka, narudi nakuta sahani safi. Siku ile ndipo nilipouona uso wake. Alikuwa anameza kama mtoto aliyepewa kwinini: tonge, maji, tonge, maji.

"Mbona unakula hivyo?"

"Hivyo namna gani? Minakula."

"Hupendi?"

Akaweka uma chini. "Bon. Mama Naomi, mi shipendake makayabo. Tangu mutoto."

Nikadhani ni usingizi unaosema. "Mama yako ndiye aliyeniambia."

"Ile ilikuwa ya papa, baba yangu. Yeye njo alikuwa anapenda. Maman akatupatia siye bote."

"Kwa hiyo ulikuwa unamtupa?"

"Kutupa? Nilikula yote." Hapo aliudhika kwelikweli.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Ningekuambia saa gani? Unatoka, naingia. Ninafunua sahani, naona huyu mwanamuke alilowesha samaki jana, akaamuka mbele ya jua, sababu yangu. Alors niseme shipende? Mi nilikuwa najua, siku nitakuta meza iko mutupu, basi, amenichoka."

Dada, nilikosa pa kutazama. Meza haikuwahi kuwa tupu hata siku moja, na mimi nilikuwa nimeshamchoka. Yule samaki alikuwa anamwambia uongo kwa niaba yangu.

Basi nikamwambia palepale, kelele za soko kila upande. Nikasema Desemba naenda Kigoma, na sikuwa nimepanga kurudi. Nikamwambia kwamba wewe unajua. Nilitegemea apige meza, au aniulize ni mwanamume gani.

"Minajua," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Hakuna muntu. Mi niko gardien, Mama Naomi. Muntu anataka kuacha kazi, mi naonaka mbele chef, mukubwa wetu, hajajua. Anaanza kubeba bitu byake pole pole. Leo kikombe, kesho photo ya batoto. Weye ulipeana makoti yako ku kanisa. Ukaondosha photo ya mama yako ku ukuta."

"Na ukanyamaza."

"Gardien hakatazake muntu kutoka. Anakatazaka kuingia."

Alisema bila ukali wowote, kama anamweleza mgeni taratibu za kazi. Mimi nikaanza kulia. Si kwamba alinikosea. Nililia kwa sababu ndipo nilipojua nilichokuwa nakitaka mwaka mzima: nilitaka kuzuiwa. Nimebeba vitu vyangu kidogo kidogo mbele ya macho ya mlinzi, nikisubiri aniulize unakwenda wapi. Nikamwambia hivyo hivyo.

"Alors," akasema, "unaenda wapi?"

Nikamjibu sijui. Yule mama wa kitambaa cha njano akaja mbio, ameniona nalia, akauliza chakula kibaya? Baba Naomi akamwambia kwa Kifaransa chake kwamba ni kitamu sana. Mama akaitazama sahani, akaondoa samaki, akatuongezea ndizi. Tukala ndizi mpaka zikaisha.

Sikudanganyi kwamba tulirudi melini tumeshikana mikono kama maarusi. Siku zilizobaki alijilazimisha kukaa macho mchana, akawa anasinzia kwenye kiti mdomo wazi, ila sasa kando yangu. Tukiongea tunaongea kidogo, maneno yanaisha. Siku moja tulibishana kama maji ya lile bwawa ni ya chumvi au ya kawaida, akaondoka kwenda kuyaonja. Ni ya chumvi.

Tukarudi Brussels kwenye mvua, na jioni ileile akaingia zamu. Nikasema basi, yamekwisha, ilikuwa ni hewa ya bahari. Ijumaa nilimwachia wali na maharage, nikakuta sahani imeoshwa. Halafu juzi asubuhi niko mlangoni navaa koti, yeye anafungua viatu, akasema, "Nimeomba chef anitoe ku usiku. Amekubali. Mwezi ujao naanza muchana." Nikamuuliza, na posho ya usiku? Akasema itaondoka. Alisema kama mtu anayekwambia mkate umeisha, akaenda kuoga. Mimi basi likanipita.

Jibu lako ndilo hilo. Tunakuja wawili. Sijui kama nimempenda upya, dada, siwezi kusema nisilolijua. Ninachojua ni kwamba sitaki kumwacha mtu ambaye bado sijamfahamu. Mama usimwambie kwamba kulikuwa na mpango mwingine. Mficha maradhi kilio humfichua, lakini kilio nimeshalia mimi, kinatosha.

Msalimie Mama na umwambie apake dawa. Msalimie Shemeji Laurenti, fundi wetu, mwambie Elie bado anakikalia kile kigoda alichomchongea. Shangazi Vero mpe salamu kabla hajaziomba. Na binti yako Jeska, mwalimu wetu mtarajiwa, mwambie mama mdogo anamwombea kwenye mitihani.

Sasa nina ombi, na usicheke. Mwezi ujao nitakuwa natoka kazini namkuta mume nyumbani, yuko macho, na jioni nzima iko mbele yetu. Naogopa kuliko nilivyoogopa siku ya arusi. Wewe na Shemeji mmekaa pamoja kila jioni tangu mimi niko shule ya msingi. Mkishamaliza kula, vyombo vimeondolewa, mnaongea nini? Niandikie, hata kama ni ya kipuuzi. Andika mengi, na umpe huyu mama arudi nayo upesi. Tunaanza tarehe mosi.

Mdogo wako,
Sabina