Vichupa vya Rodell na Sheria Niliyoiomba Jackson

OFISI YA SHERIFU, WILAYA YA PINELLA, MISSISSIPPI
MAELEZO YA SHAHIDI
Tarehe: 3 Julai 2023
Jina: Verlene Stubblefield
Umri: Miaka 61
Kazi: Mpishi, shule ya msingi
Makazi: Barabara ya Old Mill, nje ya mji wa Tarver

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza kwa hiari yangu, ingawa nimechoka na ningependa kuwa hospitali saa hizi.

Rodell ni mwanangu wa pekee. Ana miaka 34, ni fundi wa kuezeka. Mwaka juzi alianguka kutoka juu ya paa akaumia mgongo. Daktari alipoacha kumwandikia dawa za maumivu, alianza kununua vile vichupa vya tianeptini, dawa inayolevya kama afyuni lakini iliuzwa bila cheti, kwenye kituo cha mafuta cha Bwana Lamar Goforth, vinavyopangwa kaunta karibu na pipi. Mwanzoni kilikuwa kimoja kwa siku. Baadaye sikujua tena ni vingapi. Akawa haendi kazini, halali, haongei na mtu.

Mwezi Februari nilikwenda Jackson, mbele ya kamati ya Bunge la jimbo, kuomba dawa hiyo iwekwe pamoja na dawa zinazodhibitiwa. Walinipa dakika mbili. Taa nyekundu iliwaka nikiwa bado kwenye habari za mgongo, nikaketi. Hata hivyo muswada ulipita, na kanisani walinipigia makofi. Sheria ingeanza Jumamosi, tarehe 1 Julai.

Mnamo tarehe 28 Juni, mchana, nilipita kwa Goforth nikaona bango dirishani: SHERIA INAKUJA, TUNAMALIZA MZIGO, NUNUA BOKSI UPATE BOKSI. Nilimwambia, "Lamar, huna haya?"

Akacheka. "Bi Verlene, leo ni halali kama soda. Jumamosi naacha. Mimi ni mtu wa sheria."

Jioni hiyo Rodell alirudi na maboksi manne. Nilimfokea. Akasema, "Mama, nisikilize basi. Nikikata ghafla nitakufa. Napunguza kidogo kidogo, Agosti niwe nimemaliza."

Nilimwambia ikifika Jumamosi kukaa nayo ni kosa.

"Najua. Si wewe uliyeniambia?"

Sikuyatupa. Aliniangalia kama mtu anayetaka kupona, na macho hayo sikuwa nimeyaona siku nyingi.

Jana Jumapili alijaribu kushinda bila kunywa hata tone, ili anifurahishe. Leo asubuhi nilimkuta bafuni, yuko chini anatetemeka, midomo imebadilika rangi. Nikapiga simu. Hapa kwetu gari la wagonjwa likitoka, naibu wa sherifu hulifuata nyuma. Kila mtu anajua hilo, na mimi najua. Mhudumu aliuliza, "Mama, huwa anatumia nini? Haraka!" Nikakimbilia chumbani kwake nikaleta maboksi yote, nikayaweka juu ya meza ya jikoni. Nilitaka wasome wajue la kumpa.

Naibu Carl Pruitt, ambaye ndiye anayeandika maelezo haya, alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Nilimpikia shuleni tangu hana meno ya mbele. Aliuliza, "Hivi vichupa ni vya nani?"

Nikasema, "Vya mwanangu."

Nimeambiwa Rodell ataishi. Nimeambiwa pia kwamba akitoka hospitali atasomewa shtaka, na atakuwa wa kwanza wilayani kwetu kwa sheria hii. Goforth hana kosa, aliuza siku za halali. Nimeuliza tena na tena, jibu ni lile lile. Nina hasira mpaka mikono inaniuma.

Sasa nasema hivi. Nyumba ni yangu, meza ni yangu, na maboksi niliyabeba mimi. Vichupa vile ni vyangu. Carl ameweka kalamu chini. Amesema, "Bi Verlene, usinifanyie hivyo. Nilikuwepo."

Nimemwambia aandike tu.

Niliyoyasema ndiyo hayo. Nimesomewa, nimeyasikia, naweka sahihi.

V. Stubblefield

Maandishi ya ofisa: Shahidi alikuwa na akili timamu. Baada ya kusomewa maelezo aliomba maneno "Vya mwanangu" yafutwe. Nimempeleka hospitali kwa gari la ofisi. Maneno hayakufutwa.

Naibu C. Pruitt