Mawe Uliyoyataka, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua hakuna wa kuitikia, lakini siwezi kuanza kuongea nawe kama mtu asiye na adabu.

Mawe uliyoyataka tuliyajenga juu ya kaburi lako. Kaka Shija aliyasomba kutoka mlimani kwa mkokoteni wa ng'ombe, mimi nikakanyaga udongo wa kuyashikiza, na Shija, yule mvivu wako, safari hii hakulalamika hata kidogo. Pande nne, ncha juu, kimo cha kifua changu. Watu wa Bugarama walikuja kutazama, wakacheka, kisha wakayazunguka tena taratibu. Niliona fahari, Baba. Nikasema haya, umepata piramidi yako.

Wewe na piramidi zako! Tangu urudi vitani hatukupumua. Hukutusimulia mabomu wala njaa. Ulitusimulia milima ya mawe iliyojengwa kwa mikono ya watu huko Misri, na yule simba wa jiwe mwenye uso wa mtu, pua imevunjika. "Mimi, Msukuma wa hapa hapa, nimekaa kwenye kivuli chake nikala biskuti za jeshi!" Mama alisema, "Ameanza tena," akaenda kukamua. Halafu vumbi la mgodini likakuharibu kifua, ukawa unaongea kwa vipande vipande, na kipande cha mwisho kilikuwa hicho hicho: usizikwe kama panya buku, upewe mawe.

Lakini kwa nini ukawasimulia na wachimbaji? Kilabuni, tena kwa raha zako, uliwaambia kwamba wafalme wa Misri walizikwa na dhahabu. Walikusikiliza vizuri kuliko ulivyodhani.

Kwanza nilikuta jiwe moja la chini limesogezwa. Nikadhani mbuzi. Halafu nikakuta shimo dogo la sururu, na mbuzi hashiki sururu. Wiki ile ile nilipokwenda mtoni niliwakuta wachimbaji watatu, wageni, wanaosha udongo kwenye karai, udongo mwekundu, bado una majani niliyouchanganya nayo kwa miguu yangu. Walikuwa wanataniana. Mmoja akaliinua karai juani, akaligeuza, na utani ukakatika. Nchi hii, Baba, udongo wa popote ukiuosha unaweza kukupa chembe. Wao hawakutazama mto wala mlima. Waligeuka wote wakatazama kwetu.

Kesho yake akaja mmoja wao na sukari, mpole, akiniita Mama Kulwa hivi, Mama Kulwa vile. Akauliza mzee alizikwa na nini. Nikamwambia, blanketi lake la jeshi. Akatabasamu. "Mtu aliyefika Misri?" Sukari yake niliwamwagia kuku. Shija akaenda kwa mwanangwa, kwamba mkubwa wa kijiji hatakubali kaburi lichezewe. Mwanangwa alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, kisha naye akauliza kama ni kweli.

Hapo tukajua tuko peke yetu.

Nasema bila kuzunguka, Baba: tulikufukua sisi wenyewe. Ilikuwa mchana wa ile mvua kubwa, kila mtu yuko ndani kwake, ngurumo zinafunika sauti ya jembe. Tuliingilia ubavuni ili mawe yasiguswe. Shija alilia kwa sauti na mimi nikamkaripia, maana ningemwacha alie na mimi ningeanguka. Ulikuwa mwepesi. Mwepesi mno. Mengine siyaandiki. Tulikulaza pengine, tukashindilia, mvua ikafuta nyayo zetu. Ulipo sasa sitapataja, hata kwako.

Wale wachimbaji walikuja siku tuliyowapeleka wanangu pacha kwa Mama, maana siku hizi anakaa Ngokolo kwa dada yake. Tuliporudi piramidi ilikuwa imepasuliwa, mawe yametupwa hadi zizini. Nilitaka kucheka. Nikasema wameambulia patupu, basi yamekwisha.

Hayajakwisha. Walikuta shimo lisilo na mtu, na sasa wanasema dhahabu ya Misri tunayo sisi, watoto wa marehemu. Juzi tumeamka mbwa wetu amekufa mlangoni. Jana yule wa sukari alipita na wenzake bila salamu, akasimama, akatazama mlango, akatazama dirisha, akaenda zake polepole.

Shija anataka tuwaonyeshe ulipo. Waone mifupa na blanketi, waturudishie amani. Anasema hivyo huku anatazama chini. Simlaumu, ana mke, ana haki ya kuogopa. Mimi naogopa vilevile. Lakini watu hawa nimeshawajua. Wakikufunua wasione dhahabu, watasema uliimeza.

Kwa hiyo nimemwambia Shija aende Ngokolo na mkewe. Mimi nabaki. Nyumba ikiwa tupu watachimba shamba zima mpaka wakupate, lakini nikiwepo watataka kwanza kuniuliza mimi. Nitapalilia, nitapika, wanione. Wakiniuliza, nitasema sijui. Wakinishika, nitasema sijui.

Nimesikia mlango wa zizi. Ng'ombe Shija alikwisha kuwaswaga jana kwenda nao Ngokolo, zizi ni tupu.

Lala, Baba. Kwa kinywa changu hawatakufikia.

Mwanao,
Kabula