Kipimo Changu, Damu ya Mwenzangu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijaumbuka, mimi ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu, nina kisukari mwaka wa nne sasa, na tangu mwanangu wa kwanza afungue kundi la familia kwenye simu sina amani, kila asubuhi lazima nipige picha kipimo niitume, sukari ikipanda kidogo tu wifi anauliza, "Jana ulibugia nini?", shemeji anasema najitakia kifo, na majuzi harusini mwanangu alininyang'anya sahani mbele ya wakwe, nikaenda kulia chooni. Basi nikachoka, mwezi mzima namtoboa kidole fundi mwenzangu, yeye mzima wa afya, namba zake ndizo natuma, wote "Hongera mama!", kumbe mwanangu kazipeleka kwa daktari, nimepunguziwa dozi ya insulini, na sasa kiu haiishi, macho yana ukungu, hata kutunga uzi siwezi, nikisema nitaitwa mwongo, nikinyamaza naogopa kupofuka. Nifanyeje?

Fundi

Mama fundi, leo hii, si kesho, nenda kliniki ukamwambie daktari: "Zile namba si zangu." Usizungushe maneno. Aibu utaimeza, jicho likienda halirudi. Na umenikasirisha, sikufichi! Daktari anatibu damu anayoonyeshwa. Wewe umempa ya mwenzio, sasa amtibu nani? Tena hicho kisindano cha kutobolea mnachangia? Ukome!

Lakini hao wa kundi ndio wamenichefua zaidi. Kisukari ni ugonjwa jamani, si kesi ya wizi! Mtu mzima, aliyewashonea hadi sare za shule, anasomewa mashtaka kila asubuhi hata uso hajanawa! Sukari hupanda kwa chakula, na kwa homa, na kwa mawazo kama hayo mnayompa.

Toka kwenye kundi hilo. Mtu mmoja asiyekugombeza ndiye ajue namba zako; huyo mwenzako anafaa, ila kidole chake akae nacho. Na hukohuko kliniki omba kuonana na mtu wa ushauri nasaha, umwambie na kile kilio cha chooni. Nacho kinatibiwa.

Na wewe mwana, najua utasoma. Nia yako njema, siikatai. Ila mara ya mwisho kumuuliza mama yako "Umeamkaje?" ukataka habari zake, si namba, ilikuwa lini? Mpigie sasa hivi. Na akikujibu kwa machozi, usimuulize amekula nini.