Isale Lililonirudia

Jumatano. Mawingu yametoka mlimani mapema, Kibo iko wazi kama imeitwa. Nina furaha, na ninaandika kwenye simu kwa kidole kimoja tu. Niliishia darasa la tatu, lakini kidole changu hiki kina mambo kuliko vidole kumi vya wengine.

Leo nimemtoa Eliufoo ndani.

Eliufoo ni jirani yangu, kihamba chake cha migomba kinapakana na changu. Tangu tumzike mkewe, kabla ya masika, amejifungia. Ndizi zinaivia mgombani, ng'ombe wake namkatia majani mimi. Wengine wanasema karogwa, wengine wanasema ni uvivu. Juzi aliniambia haoni sababu ya kuamka. Alisema taratibu, kama mtu anayekwambia chumvi imeisha.

Hapo niliogopa. Na mimi si mtu wa kuogopa, ujanani nimebeba mizigo ya wageni mpaka juu na kichwa hakikuniuma.

Nilishamsihi aende hospitali. Nikamfokea. Nikampelekea mtori, ukalala na kisahani juu.

Basi leo asubuhi nikakata isale, jani la uzio wetu, pale mpakani. Huku ukiletewa jani hilo na mtu anayekuomba, hukatai. Wazee wenzangu wanasema ni la kuombea msamaha tu, si la kumpelekea mtu hospitali. Nani kawaambia? Nikaingia kwake, nikalishika kwa mikono miwili, nikampa.

Aliliangalia weee. Halafu akasema, "Mangi, wewe ni mkorofi."

"Vaa viatu," nikamwambia.

Akavaa. Nilitaka kuimba. Lakini tulipofika mpakani, mgonjwa wangu akainama, naye akakata isale, akaninyooshea mimi. "Na wewe ukapime presha. Mama Ndeshi amekuomba mpaka amechoka." Mama Ndeshi ni mke wangu, na ni kweli amechoka.

Nikabaki nimesimama na jani mkononi kama bwana harusi.

Daktari ni binti mdogo, alituamkia shikamoo wote wawili. Alikaa na Eliufoo mlango umefungwa. Walipotoka akasema ni sonona, ni ugonjwa kama malaria ilivyo ugonjwa, una dawa, na Eliufoo atakuwa anakuja kuzungumza naye kila wiki. Wako wengi vijijini huku, akasema, wanaitwa wavivu.

Zamu yangu mashine ikanibana mkono. Presha iko juu sana. Nikamwambia mashine yake mbovu. Akapima tena. Nikampa mkono wa pili.

"Babu, mashine ni nzima."

Eliufoo akacheka.

Kicheko kile sijakisikia tangu msiba. Kwa ajili yake nimeikubali presha. Tena daktari alishangaa natembeaje nayo, maana wengi huigundua wameshaanguka. Mimi nilipanda mpaka pale kwa miguu yangu. Andikeni hilo.

Tumekubaliana vidonge tutameza pamoja, asubuhi, mpakani, kila mmoja akimwangalia mwenzake mdomoni. Najua atakuwa na siku mbaya, daktari amenionya. Hata mimi vidonge sivipendi.

Kesho namgongea mapema, kabla ya kukamua. Akikataa kutoka, uzio wetu bado una majani mengi.