Chaki Nayo ni Jembe

Bumbire, 6 Februari 1949

Waitu Dada Adventina,

Hujambo wewe na kibanja chako cha migomba huko Hamugembe? Mimi hapa kisiwani mzima, na binti yako Kokugonza mzima, amenenepa kwa samaki hawa ngege.

Unauliza kwa nini nimechanganya darasa la kwanza, la pili na la tatu chumba kimoja. Dada, mwalimu ni mmoja, naye ni mimi. Ubao mmoja. Wavuvi nao wakihama kufuata samaki wanahama na watoto, hata darasa la pili halijazi benchi. Vitani Burma niliongoza askari wa makabila ambayo Mzungu wetu hakuweza kuyataja. Hawa wadogo ndio watanishinda? La tatu wanasomesha la kwanza, la pili wanasikiliza bure, mimi natembea katikati kama jemadari. Shule niliiachia darasa la nne, lakini dunia nimeimaliza.

Ndugu yako,
Rugaibula

Hamugembe, 27 Februari 1949

Mdogo wangu,

Tu wazima, mgongo tu ndio unanisumbua. Barua yako imemchekesha hata mchungaji. Lakini hapa mjini kila darasa lina chumba na mlango wake. Mwanangu nilikupa asome, si awe yaya wa watoto wa wavuvi. Pasaka ikipita, namtuma Mwijage na mtumbwi wake amlete.

Dada yako,
Adventina

Bumbire, 25 Aprili 1949

Dada,

Mgongo umepoa? Mimi na Kokugonza tu wazima.

Darasa la tatu wamezama Jumatatu ya Pasaka, wakirudi shuleni kutoka kwao, kisiwa cha pili. Wote. Kokugonza walimwalika waende naye. Alibaki awafundishe wadogo, walikuwa hawajaujua wimbo wa kanisani. Tumezika waliopatikana.

Shule nimefungua. Watoto wanakuja, wanakaa, hawaandiki. Nikauliza. Mmoja wa darasa la kwanza akasema, "Mwalimu, kwenye msiba hatushiki jembe."

Nikamwambia hii ni chaki.

"Kwani wewe unalima na nini?"

Wanasema mwenye msiba ndiye aanze, wengine wafuate. Darasa la tatu amebaki Kokugonza peke yake. Anatazama dirishani. Mwijage akifika nitamfungia binti mzigo wake.

Rugaibula

Hamugembe, 6 Mei 1949

Mdogo wangu,

Mgongo uko vilevile. Mwijage alikuwa ameshafungua kamba ya mtumbwi, nikamwambia aifunge. Kibanja kikikosa wa kuanza hugeuka pori. Mwache Kokugonza aanze yeye, siku atakayotaka. Akitaka kurudi baadaye, mlango upo. Sitauliza tena anakaa na darasa gani.

Mnakula?

Dada yako,
Adventina

Bumbire, 21 Mei 1949

Dada,

Tunakula.

Jana Kokugonza aliinuka, akaandika herufi a ubaoni, akaenda kukaa na darasa la kwanza. Wadogo wakaandika. La pili nao.

Nikatafuta pa kukaa. Benchi la darasa la tatu lina nafasi. Nimekaa hapo.

Ndugu yako,
Rugaibula